Kihisi Kimenyamaza: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Mawasiliano kati ya Kihisi cha Kidijitali na Kirekodi Data

Unafungua data ya wiki iliyopita, na pale palipotakiwa kuwa na kina cha maji au unyevu wa udongo unakuta -9999, alama ya kirekodi kwamba hakuna data, imejipanga mstari baada ya mstari. Au NAN, yaani "si namba". Au safu tupu kabisa. Kifaa kilichoharibika hutengenezwa au kununuliwa kingine, lakini mvua ya juzi hainyeshi tena ili uipime. Kila siku unayochelewa kulijua tatizo ni siku iliyopotea moja kwa moja, kwa hiyo inafaa kulitafuta kwa utaratibu badala ya kubahatisha.

Wengi wetu mkono hukimbilia kihisi kwanza. Kinafunguliwa, kinafungwa kwenye katoni, kinarudishwa kilikonunuliwa, na baada ya wiki kadhaa jibu linakuja kwamba ni kizima. Nimeyaona hayo mara nyingi mno, shida ikiwa skrubu iliyobana ganda la plastiki la waya badala ya shaba, au anwani (herufi au namba inayokitambulisha kihisi kwenye waya) iliyoandikwa vibaya kwenye programu. Njia ninayoifuata mimi ni kusikiliza kwanza. Namna kihisi kinavyoshindwa kujibu ndiyo inayokuonyesha pa kutafuta.

Nitazungumzia zaidi SDI-12, itifaki (kanuni za mazungumzo kati ya vifaa) iliyozoeleka kwenye vihisi vya maji, udongo na hali ya hewa, kisha RS-485, aina ya muunganiko wa nyaya, yenye Modbus, lugha inayozungumzwa juu yake. I2C, njia ya mawasiliano ya umbali mfupi, na vihisi vya waya mmoja nitavigusa kwa ufupi.

Kwanza, tambua ni ugonjwa gani

Kuna kimya kabisa: kirekodi kinauliza, hakuna kinachorudi. Hapa mara nyingi tatizo ni umeme, waya, tundu lililochaguliwa au anwani.

Kuna jibu lililovurugika: herufi za ajabu, jibu linalokatika katikati, au namba ya ukaguzi (inayotumwa na jibu ili kugundua makosa) isiyolingana. Hilo linamaanisha umeme unafika na waya haujakatika. Tafuta kasi au pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa) isiyolingana, vihisi viwili vyenye anwani moja, au kelele za umeme kwenye kebo.

Na kuna jibu safi lenye namba isiyo na maana: joto la 65531, au unyevu ulioganda kwenye sifuri. Hapo mawasiliano hayana kosa lolote. Unaweza kuziacha nyaya zilivyo na kwenda moja kwa moja kwenye programu ya kirekodi.

Tatizo linalokuja na kuondoka lina mambo yake, nitalirudia mwishoni.

Andika kile unachokiona kabla ya kugusa kitu: saa, namba iliyoonekana, volteji ya betri, taa gani inawaka. Ukianza kuchomoa na kuchomeka bila kuandika, baada ya dakika 20 hutajua tena hali ilikuwaje ulipofika, na kihisi kikianza kufanya kazi hutajua ni kwa nini. Badilisha kitu kimoja tu kila mara.

Vifaa vya kwenda navyo

Multimita, bisibisi ndogo inayoingia vizuri kwenye skrubu za kirekodi, kipande cha kebo fupi cha mita moja, kompyuta mpakato yenye programu ya kirekodi chako, na adapta ya USB ya itifaki unayotumia, SDI-12 au RS-485. Kama upo uwezo, beba kihisi kingine cha aina ileile unachojua ni kizima. Hicho kimoja huokoa muda kuliko vifaa vingine vyote, kwa sababu kinajibu swali la "ni kihisi au ni kitu kingine?" kwa dakika mbili.

Umeme: pima kihisi kikiwa kazini

Kiwango cha SDI-12 kinataka kihisi kipewe kati ya volti 9.6 na 16. Wengi hupima kwenye kirekodi, wakaona 12.4, wakaandika "umeme sawa" na kuendelea. Kipimo hicho kina kasoro mbili: umepima mwisho usiofaa wa kebo, na umepima kihisi kikiwa kimelala.

Kihisi kikiwa kimelala hula mkondo mdogo sana. Kinapoamka kupima, hasa kile chenye hita, pampu ndogo au mawimbi ya sauti, kinaweza kuhitaji mamia ya miliampea. Chukua kebo ya shaba yenye nyaya za milimita mraba 0.5, urefu mita 50. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 100 za waya, zenye ukinzani wa kama ohmu 3.4. Kihisi kikivuta miliampea 300, volti 1 inapotelea njiani. Betri iliyoshuka hadi 11.2 inakifikishia kihisi volti 10.2 tu, na ukiongeza konekta moja yenye kutu unaikuta 9.5. Kihisi kinaanza kupima, volteji inaporomoka, kinajizima, kinawaka upya, na kirekodi kinaona kimya.

Nusu ya upotevu huo iko kwenye waya wa ardhi, na hilo watu wengi hulisahau. Katika mfano huo, ardhi ya kihisi imepanda nusu volti juu ya ardhi ya kirekodi. Kwenye SDI-12 ishara ya data hupimwa kwa kulinganishwa na ardhi hiyohiyo: hali moja inapaswa kuwa chini ya volti 1, nyingine juu ya volti 3.5. Ukipoteza nusu volti kwenye ardhi, umekula nusu ya nafasi ya chini kabla kelele yoyote haijaingia. Kwa hiyo kebo nyembamba na ndefu hainyimi kihisi nguvu tu, inaharibu na maneno yake pia.

Fanya hivi: weka ncha za multimita kwenye nyaya za umeme upande wa kihisi, karibu nacho kadiri konekta inavyoruhusu. Mwambie mwenzako, au iamuru kompyuta, iagize kipimo. Tazama namba kwenye mita wakati kihisi kinapima. Ikishuka chini ya 9.6, au chini ya kile karatasi ya kihisi inachotaka, umeipata shida.

Kama volteji ni sifuri kabisa, angalia fyuzi, kisha angalia kama tundu la umeme ulilotumia ni lile linalowashwa na programu. Virekodi vingi vina tundu la volti 12 la kudumu na jingine linalowaka pale tu programu inapoliamuru. Ukitumia hilo la pili, mita itakuonyesha sifuri kwa muda mwingi bila kuwa na kosa lolote. Lakini pia kihisi kitahitaji muda wa kuamka baada ya kuwashiwa, pengine sekunde moja, pengine zaidi, na programu ikiuliza kabla ya muda huo kwisha itajibiwa kwa kimya.

Waya wa data

SDI-12 ina nyaya tatu: umeme, ardhi na data. Rangi usiziamini. Watengenezaji hawajakubaliana, na waya mweupe kwa mmoja ni data, kwa mwingine ni umeme. Fuata karatasi ya kihisi chenyewe, na kama kebo imeungwa katikati, fuatilia kila waya kwa mlio wa multimita toka mwanzo hadi mwisho huku ncha zote mbili zimechomolewa.

Kila kitu kikiwa kimetulia, waya wa data wa SDI-12 hukaa karibu na volti 0. Ukikuta unakaa kwenye volti 5 au 12 bila kushuka, kuna kitu kimeushika: waya umegusana na ule wa umeme, kihisi kimoja kimeungua na kinauvuta juu, au umeuingiza kwenye tundu lililopangiwa kazi nyingine. Chomoa vihisi kimoja kimoja huku ukitazama mita. Kile ambacho kikitoka waya unashuka, hicho ndicho.

Si kila tundu la kirekodi linaelewa SDI-12. Kwenye virekodi vingi ni baadhi tu ya matundu yenye uwezo huo, mengine ni ya kuhesabu mapigo ya kipimamvua au ya kusoma volteji. Waya ukiwa kwenye tundu la jirani kila kitu kinaonekana kimefungwa vizuri, na kimya kinaendelea. Soma herufi zilizochapwa kwenye kirekodi, kisha soma programu, hakikisha zote mbili zinataja tundu lilelile.

Kisha vuta kila waya taratibu kwa vidole viwili. Ukitoka, haukuwa umebanwa.

Ongea na kihisi wewe mwenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Virekodi vingi vina hali inayokuruhusu kuandika amri kwenye kompyuta na zikaenda moja kwa moja kwa kihisi, bila programu ya kurekodi kuingilia. Kama chako hakina, adapta ya USB ya SDI-12 inafanya kazi hiyohiyo. Ukiongea na kihisi ana kwa ana unaondoa programu yote kwenye mashaka.

Ukiunganisha kwa adapta ya kawaida, mipangilio ya SDI-12 haibadiliki kamwe: baudi 1200, biti 7 za data, pariti shufwa, biti 1 ya kusimamia. Kabla ya amri, mstari unapaswa kushikiliwa juu kwa angalau milisekunde 12 ili kuviamsha vihisi. Adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya SDI-12 hufanya hivyo yenyewe, ila ukijitengenezea yako na kulisahau hilo, kihisi kitaendelea kulala.

Acha kihisi kimoja tu kwenye waya, kisha andika:

?!

Maana yake ni "anwani yako ni ipi?" Kihisi kipya kwa kawaida hujibu:

0

Herufi hiyo moja ikitokea, vuta pumzi. Umeme upo, waya upo, kihisi ki hai. Sasa kiulize ni nani:

0I!

Jibu litafanana na hili:

013KAMPUNIXMAJI0121000457

Lisome polepole. 0 ni anwani. 13 ni toleo 1.3 la kiwango cha SDI-12. Herufi 8 zinazofuata ni jina la mtengenezaji, 6 ni modeli, 3 ni toleo la programu ya ndani ya kihisi, na zilizobaki mara nyingi ni namba ya kifaa. Linganisha na kibandiko cha kihisi. Niliwahi kugundua kwa njia hii kwamba kihisi kilichofungwa hakikuwa modeli iliyoandikwa kwenye programu. Viwili hivyo vilifanana kwa umbo, ila kimoja kilitoa namba mbili na kingine tatu.

Sasa agiza kipimo:

0M!

Kikijibu

00013

gawanya hivi: 0 anwani, 001 ni sekunde moja ya kusubiri, 3 ni idadi ya namba zitakazokuja. Kikimaliza mapema kitatuma anwani yake peke yake kukuambia kiko tayari. Kisha omba data:

0D0!

0+21.4+0.187+35

Hizo ni namba tatu kama ilivyoahidiwa. Ukifika hapa bila tatizo, kihisi, kebo na umeme havina kosa kwa sasa, na kazi iliyobaki iko kwenye programu.

Ukikwama, mahali ulipokwama pana maana. Jibu la 0M! likiwa 00000, kihisi kinasema hakina cha kukupa kwa amri hiyo. Mara nyingi umetumia M yenye namba, kama 0M5!, ambayo modeli hiyo haina. Jibu la 0D0! likiwa 0 tupu bila namba, kipimo kilikatizwa au uliomba kabla hakijakamilika. Kama kihisi kinataka sekunde 8 na programu inakiuliza upya kila sekunde 5, hakitamaliza hata siku moja: kila amri mpya inamwaga kazi iliyokuwa inaendelea. Hapo ongeza muda kati ya vipimo. Kama kinachokatiza ni maswali kwa vihisi vingine, tumia amri ya C, inayokiacha kihisi kiendelee kupima wakati kirekodi kinazungumza na vingine.

Anwani moja, vihisi viwili

Vihisi vya SDI-12 hutoka kiwandani karibu vyote vikiwa na anwani 0. Ukivifunga viwili kwenye waya mmoja bila kubadilisha, kirekodi kinapoita "0" vyote viwili vinajibu kwa pamoja, na sauti zao zinagongana. Wakati mwingine unapata takataka. Wakati mwingine, na hili ni baya zaidi, unapata namba inayoaminika ya kihisi kimoja, na unaiandika miezi miwili ukidhani ni ya kile kingine.

Badilisha anwani kimoja kimoja, vingine vikiwa vimechomolewa:

0A3!

3

Sasa kihisi hicho ni 3. Anwani zinaweza kuwa 0 hadi 9, kisha A hadi Z na a hadi z, na herufi kubwa si sawa na ndogo: kihisi chenye anwani "b" hakitajibu ukikiita "B". Bandika kipande cha utepe chenye anwani kwenye kebo, mwisho wa kirekodi na mwisho wa kihisi. Atakayefungua boksi hilo mwaka kesho, pengine ni wewe mwenyewe, atakushukuru.

Kikiendelea kunyamaza: gawanya njia

Chomoa kila kitu kwenye waya wa data isipokuwa kihisi kinachosumbua. Kikijibu, rudisha vingine kimoja baada ya kingine mpaka kimya kirudi. Wa mwisho kuingia ndiye mkosaji, ama kwa anwani au kwa kushikilia waya.

Bado kimya? Kifunge kwa ile kebo fupi ya mita moja, moja kwa moja kwenye kirekodi. Kikijibu, kosa liko kwenye kebo ndefu au viungo vyake. Kisipojibu, weka kihisi kile kizima mahali pake, kwenye tundu lilelile na anwani ileile. Kizima kikijibu, basi hapo, na hapo tu, una haki ya kusema kihisi kimekufa. Kizima nacho kikinyamaza, hamia tundu jingine la kirekodi. Radi iliyopiga karibu inaweza kuua tundu moja na kuacha mengine yakifanya kazi kama kawaida.

Kuhusu urefu: kiwango cha SDI-12 kimepangwa kwa kebo ya hadi mita 60 kwa kila kihisi na vihisi 10 kwenye mstari. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na ikawezekana, lakini ukiwa na mita 150 na matatizo ya mara kwa mara, usitafute mchawi.

RS-485 na Modbus

Hapa nyaya za data ni mbili, A na B, na kosa la kwanza ni kuzibadilishana. Watengenezaji hawaelewani kuhusu ipi ni A. Habari njema ni kwamba kuzigeuza hakuunguzi kitu, kwa hiyo kukiwa kimya, geuza ujaribu. Hilo ni jaribio la sekunde 30, lifanye kabla ya kusoma kurasa 40 za kitabu cha maelekezo. Usisahau pia waya wa tatu wa ardhi. Bila huo mawasiliano yanaweza kwenda vizuri mezani na kukatika uwanjani, ambako ardhi za vifaa viwili zinatofautiana.

Pili ni kasi na pariti. Tofauti na SDI-12, Modbus haina mpangilio mmoja. Kihisi kinaweza kuja na 9600 bila pariti, au 19200 yenye pariti shufwa, na pande zote mbili lazima zikubaliane kwa kila kitu. Anwani halali ni 1 hadi 247.

Rezista za ohmu 120 za kumalizia mstari huwekwa ncha mbili tu, mwanzo na mwisho. Zima umeme wote, pima kati ya A na B: ukikuta karibu ohmu 60, ziko mbili kama inavyotakiwa. Ukikuta 40, mtu ameweka ya tatu. Ukikuta 120, moja haipo. Maoni yangu ni kwamba kwa kebo ya mita chache na kasi ya 9600, rezista hiyo huwa ya mwisho kushukiwa. Kwa kebo ya mamia ya mita ni lazima. Na mstari upite kihisi hadi kihisi kama uzi wa shanga, bila matawi marefu.

Modbus ina zawadi moja kubwa: jibu la kukataa. Ukiuliza kwa amri ya 03 na ukarudishiwa 83 ikifuatiwa na 02, kihisi kimekuelewa na kimekwambia rejista (kisanduku cha kumbukumbu chenye namba) uliyoomba haipo. Waya, kasi, pariti na anwani vyote viko sawa. Angalia hesabu ya rejista: vitabu vingi huandika 40001 kwa rejista ambayo kwenye waya inatumwa kama 0. Ukitoa moja au ukiongeza moja tatizo huisha. Na 83 ikifuatiwa na 01 inasema kihisi hakina amri hiyo, jaribu 04.

Halafu zile namba za ajabu. Kihisi cha joto kinachosoma vizuri mchana na kuonyesha 65531 usiku wa baridi hakijaharibika. Kinatuma -5, na programu inaisoma kama namba isiyo na alama ya hasi. Ikiwa kihisi hutuma kwa sehemu za kumi za nyuzi, hiyo ni -0.5. Mfano mwingine: 25.0 kwa namba ya desimali ya biti 32 huandikwa 41C8 0000, ikijaza rejista mbili. Programu ikizipanga kinyume, 0000 41C8, inapata kitu kidogo kiasi kwamba skrini inaonyesha 0.00. Ukiona kihisi kinajibu kila mara lakini kila mara ni sifuri, geuza mpangilio wa rejista hizo mbili kabla ya kufanya lolote lingine.

I2C na vihisi vya waya mmoja, kwa ufupi

I2C ilibuniwa kwa umbali wa ndani ya bodi moja. Ukiipeleka mita kadhaa kwa kebo ya kawaida, tegemea matatizo. Kama kihisi hakionekani, angalia kama kitabu kimeandika anwani kwa biti 8 wakati programu inataka biti 7: 0x76 na 0xEC ni kihisi kilekile. Angalia pia kama rezista za kuvuta mstari juu zipo. Kwa DS18B20, kihisi cha joto cha waya mmoja, nyuzi 85 kamili ni namba inayokaa ndani ya kihisi kinapowashwa, kwa hiyo ukiiona ujue umesoma kabla hakijapima, au kilikosa umeme katikati ya kupima.

Kihisi kinajibu kwa mkono, programu haipati kitu

Sasa tatizo lina nyumba moja tu. Fungua programu uhakikishe tundu, anwani, na idadi ya namba zinazotarajiwa: kihisi kikitoa tatu na programu ikisubiri nne, virekodi vingine hutupa zote. Hakikisha muda wa kuamka unatosha. Hakikisha hakuna sehemu mbili za programu zinazotumia waya uleule kwa wakati mmoja. Kama umebadilisha programu karibuni, rudisha ile ya zamani uone. Tazama pia saa ya kirekodi. Iliyorudi nyuma inaweza kuweka data yako chini ya tarehe nyingine, ukadhani imepotea.

Lile linalokuja na kuondoka

Kituo kimoja nilichokuwa nakihudumia kilipoteza data kila alfajiri na kujirudi chenyewe kama saa nne asubuhi. Kila nilipofika mchana, kihisi kilijibu vizuri. Nilibadilisha programu, nikabadilisha betri, bila mafanikio. Siku moja nikachomoa konekta ya katikati ya kebo, ncha zote mbili zikiwa huru, nikaweka mita kati ya pini ya data na ya umeme. Ukinzani ulikuwa mkubwa mno, kama inavyotakiwa. Kisha nikaipulizia konekta pumzi ya mdomo. Namba kwenye mita ikaporomoka hadi makumi machache ya kilo-ohmu, ikaanza kupanda tena taratibu ilivyokauka. Ndani, kati ya pini mbili, kulikuwa na unga wa kijani mwembamba kama vumbi. Umande wa alfajiri ulikuwa ukiugeuza kuwa njia ya umeme, na jua likiukausha mawasiliano yanarudi.

Nilibadilisha konekta, nikaipaka grisi ya silikoni, na nikairekebisha kebo ining'inie kitanzi kabla ya kuingia kwenye boksi kwa chini, ili maji yadondokee kwenye kitanzi badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Somo la kiufundi hapo ni kulinganisha saa. Rekodi volteji ya betri pamoja na data, kila kipimo, hata kama hakuna aliyeiomba. Mapengo yakiangukia alfajiri pamoja na betri iliyoshuka, ni umeme. Yakiangukia alfajiri na betri nzima, ni unyevu. Yakiangukia kila saa kamili, tazama modemu inayotuma data wakati huo na kuvuta mkondo mkubwa. Yakiangukia wakati pampu ya jirani inawaka, itenge kebo ya kihisi na kebo ya pampu, na waya wa wavu wa kinga uufunge ardhini upande mmoja tu, ule wa kirekodi.

Yasipofuata saa yoyote, agiza vipimo mfululizo kwa kompyuta huku ukitikisa kebo kwa mkono, sentimita chache kila mara, kuanzia kwenye kirekodi kwenda kwenye kihisi. Waya uliokatika ndani ya ganda hujitaja pale unapoukunja.

Kabla ya kufunga boksi

Weka muda wa kipimo uwe dakika 1, ukae hapo angalau nusu saa, uhesabu: vipimo 30, majibu 30. Likikosekana hata moja, kazi haijaisha. Andika kwenye karatasi ya ndani ya boksi tarehe, anwani ya kila kihisi, volteji uliyoipima upande wa kihisi kikiwa kazini, na ulichobadilisha. Piga picha ya nyaya zilivyo. Kisha rudisha muda wa kipimo ulivyokuwa, maana kirekodi kinachopima kila dakika kinaweza kuimaliza betri kabla hujarudi.